Majina Ishirini ya Kavata

Mmeniomba niwaandikie vile tulivyokuwa tukifanya kazi ya majina, kwa sababu sasa nyinyi ndio mnaishika ile Tuzo ya Wachangiaji na mnataka kurekebisha masharti yake. Shule yangu iliishia darasa la nne, kwa hivyo msitafute hapa maneno ya ofisini. Lakini majina ninayo. Nitajieni mtu yeyote aliyepanda zile ngazi za ukumbi wetu hapa Nairobi, nyuma ya River Road, miaka ile simu za mkono zilikuwa zimeanza kuingia kwa watu wa kawaida, na mimi nitawaambia alikaa upande gani na mama yake anaitwa nani.

Tuzo yenyewe nasikia wengine wenu mnaichanganya na zile za wafadhili. Yetu haikuwa ya wafadhili. Ukitengeneza mchezo wa kuigiza, au ukichora ukuta, au ukirekodi nyimbo kwenye kanda, na pesa ya hiyo kazi ikatoka kwa watu wenyewe wanaokuja kuitazama, basi unastahili. Na anayekupendekeza lazima awe mmoja wa hao waliochanga. Ishirini, wasipungue, majina yao na sahihi zao kwenye fomu moja. Masharti yalikuwa hayo tu. Mwenyekiti wetu, Mwalimu Gathecha, aliyapigisha chapa kwenye ofisi ya mpwa wake kule Hurlingham, akarudi akisema yametosha kwa sababu yameenea kwenye ukurasa mmoja.

Hayakutosha. Kulikuwa na bibi mmoja wa Karen, mtaa wa wenye pesa, aliyetuletea sanamu ya mawe, nzuri hata mimi niliizunguka mara mbili. Alikuwa ameilipia yote peke yake, lakini fomu ilikuwa na majina ishirini sawasawa. Nilimshika kando dereva wake, Josphat Wekesa, nikamwuliza kama kweli alichanga.

"Mama, mimi niliitwa jikoni nikaambiwa tia sahihi," akasema. "Mpishi akatia, yaya akatia, askari akatia. Hata mbwa wa pale angekuwa na kitambulisho angetia."

Mwaka mwingine kikundi cha ngoma kikaleta majina ishirini na matatu. Nilikuwa nikiyasoma huku nikisubiri maji yachemke, nikajiuliza mbona huyu wa kwanza ni golikipa, na wa pili ni beki wa kulia. Walikuwa wamenakili timu mbili za mpira kutoka kwa gazeti. Wa ishirini na tatu alikuwa refa.

Mimi pia nimekosea, tena vibaya. Niliona Mary Wanjiku Kamau ameandikwa mara mbili kwenye fomu moja, nikamfuta wa pili, nikajiona mjanja. Siku mbili baadaye wanawake wawili wakapanda ngazi wakihema, wakaweka vitambulisho viwili mezani kwangu, ubavu kwa ubavu.

"Haya, mama," mmoja akasema, "tuonyeshe, ni nani hapa si mtu?"

Tangu siku hiyo sikufuta jina kabla ya kuona uso. Likumbukeni hilo hata mkisahau mengine yote.

Kazi ya kuita nilifundishwa na Zakayo Odera, mzee aliyetunza ukumbi kabla yangu. Mimi niliajiriwa kufagia na kupika chai, lakini Zakayo aliona kwamba jina likiniingia halitoki, akaanza kuniachia orodha. Alinifundisha kwamba jina linaitwa mara tatu. Mara ya kwanza unawaita walioko mbele, mara ya pili walioko katikati, na mara ya tatu unainua kidevu unauita ukuta wa nyuma. Halafu unahesabu moyoni mpaka kumi, polepole, kwa sababu kuna watu ambao hawajawahi kusikia jina lao lote likisemwa kwa sauti na linawashtua. Na jambo la mwisho alilonifundisha ni hili: usiite orodha mbele ya watu kabla hujaiita mbele ya viti. Siku moja kabla, au mbili, unasimama kwenye ukumbi mtupu unaisoma yote, ili ulimi uzoee majina ya kila kabila na usimwaibishe mtu.

Viti vyetu vilikuwa vya sinema moja iliyofungwa, vile vya kukunjika. Ukiinuka, kiti kinajiinua chenyewe na kugonga mgongo wake, kap. Zakayo alikuwa akizitia springi mafuta kila mwezi, na baada yake nikawa nikizitia mimi. Kiti hakikai chini bila mtu. Nawaambia hivi kama mtu aliyevipangusa viti hivyo miaka kumi na moja.

Sasa ndiyo nifike kwa Kavata.

Kavata Nzioka alikuwa msichana wa Kangemi, wazazi wake watu wa Ukambani. Kule bondeni chini ya mtaa wao kulikuwa na machimbo ya mawe, na siku moja, saa ya chai, mwamba uliwaangukia wachonga mawe wanane. Baba yake Kavata alinusurika kwa sababu alikuwa ameenda kununua sigara. Mimi niliishi karibu, Mountain View, chumba cha nyuma kwa mwenye ploti, na nilienda kwenye ibada yao. Mchungaji aliyasoma yale majina manane mbele ya majeneza, mmoja baada ya mwingine. Baada ya mwaka mmoja na nusu Kavata akaandika mchezo kuhusu ile saa ya chai. Akapitisha daftari mtaani watu wachange, akaucheza mara nne kwenye ukumbi wa kanisa, kisha akaleta fomu yake kwetu. Majina yalikuwa ishirini, bila hata moja la akiba.

Ilikuwa Alhamisi, saa tisa hivi za alasiri. Stima zilikuwa zimepotea na mvua ilikuwa imefunga nje, kwa hivyo nilisimama karibu na dirisha ili nione. Nilikuwa nimeshafagia. Viti vyote vilikuwa juu. Nikaanza kuviita viti orodha ya Kavata, kama nilivyofundishwa.

Majina kumi na mawili ya kwanza yalipita vizuri. La kumi na tatu lilikuwa Simon Kioko Nduva. Nikaita mara tatu. La kumi na nne, Bernard Shitanda. Nikaita. Kisha nikageuza karatasi kutafuta mwanga, na kabla sijaliona jina la kumi na tano mdomo wangu ulikuwa umeshalitoa: Joseph Njoroge Mbugua. Nikatazama karatasi. Ndilo lililoandikwa.

Vijana, mtu akiwa na kichwa kama changu, majina hukaa kwa mafungu, vile yalivyosikika. Sikuhitaji tena karatasi. Nilijua anayefuata ni nani, na anayemfuata huyo, kwa sababu nilikuwa nimewahi kuyasikia yakifuatana hivyo hivyo, nimesimama kwenye matope na kitambaa puani. Nilitaka kunyamaza lakini niliona ni vibaya kumwita mmoja na kumwacha mwenzake. Nikaita mpaka la mwisho, Mutiso Mutua, mdogo wao wote. Mara ya tatu niliinua kidevu kuuita ukuta wa nyuma, nikaona safu ya mwisho.

Kulikuwa na viti vimekaa chini.

Sikuvihesabu. Nilikunja karatasi, nikachukua mwavuli, nikashuka ngazi, na mlango nikaufunga asubuhi yake.

Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo bado linanichoma. Badala ya kumtafuta Kavata kwanza, nilikimbilia kwa Mwalimu Gathecha. Sikumwambia habari ya viti, angenituma hospitali. Nilimwambia tu kwamba wanane kati ya ishirini wa Kavata ni marehemu, na kwamba nilikuwa kwenye ibada yao.

Mwalimu akavua miwani. "Wafu? Wafu wanapendekeza? Mama Wambui, hata sisi tumefikia hapo?"

"Pengine kuna maelezo, mwalimu."

"Maelezo ni kwamba ameiba majina kwa makaburi! Huyo msichana namtoa. Na nitaandika barua kwa kila ukumbi hapa mjini, wasimfungulie mlango tena. Mchezo wake atauchezea kwao jikoni."

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka kudanganywa, na yule refa alikuwa bado anamkereketa. Lakini barua ya Gathecha ilikuwa barua kweli. Alifundisha nusu ya watu walioendesha kumbi za Nairobi, na Kavata hakuwa na kazi nyingine, hakuwa na mtu wa kumsemea, alikuwa na huo mchezo tu. Na mimi ndiye niliyempeleka hapo kwa mdomo wangu.

Nikamtumia ujumbe, akafika saa sita mchana, viatu vimejaa tope la Kangemi.

"Shosho, mimi sijadanganya mtu," akaniambia kama anayemwambia nyanya yake, kabla hata hajaketi. "Nilipitisha daftari. Mama Mutiso akatoa pesa yake, nikamwuliza, niandike nani? Akasema andika Mutiso. Sasa mimi ningemwambia nini? Ati hapana, huyo ameenda?"

"Na sahihi?"

"Walitia wenyewe, wamama. Ya Mutiso, mama yake alifikiria sana, akatia vile kijana wake alikuwa anatia kwa daftari la shule."

Nikaelewa, na nikaona aibu kwamba sikuelewa mapema. Si hivyo ndivyo sisi wote tunavyofanya kwenye harambee? Mtu anatoa, anasema andika jina la marehemu baba yangu, jina linasomwa kwa kipaza sauti, watu wanapiga makofi. Hakuna anayeuliza marehemu ameitoa wapi. Wale wamama hawakujua kwamba fomu yetu si daftari la harambee. Na fomu yetu haikuwaambia. Ilisema andika jina la mchangiaji, na kwao mchangiaji alikuwa yule aliyetolewa pesa kwa jina lake.

Tulienda kwa mwalimu pamoja. Alisikiliza ametazama dari. Mwishoni akasema atatoa nafasi moja. Kesho Jumamosi, saa nane, orodha itaitwa yote. Kila jina, yule aliyetia mkono kwenye mfuko wake na kutoa asimame ajibu. Wakifika ishirini, Kavata ataingia kwenye mashindano kama wengine. Wakiwa kumi na tisa, barua inaenda.

"Na ataita Mama Wambui," akasema. "Yeye hadanganyiki."

Jumamosi wakaja. Wamama wa machimbo walikuwa wamefunga vitambaa vyao vya kanisani, wakaketi safu ya tatu na ya nne, wamebanana kama watu wanaosikia baridi. Wengine wakaketi mbele yao. Safu za nyuma zilikuwa tupu. Mwalimu Gathecha alikaa mezani chini ya jukwaa, ametupa mgongo kwao, na daftari lake. Mimi nilisimama kando yake na orodha na kalamu. Kavata alisimama ukutani, hakutaka kiti.

Kumi na wawili walio hai wakajibu, nikatia alama kumi na mbili. Kisha nikafika kwa Simon Kioko Nduva.

"Nipo kwa niaba yake," mwanamke akasimama. "Mimi ni mama wa watoto wake. Pesa ilikuwa yangu, ya kuosha nguo."

Mwalimu akainamisha kichwa kukubali. Nikatia alama. Bernard Shitanda, akajibiwa na dada yake. Joseph Njoroge Mbugua, akajibiwa na mkewe aliyekuwa amembeba mtoto ambaye baba yake hakumwona. Mwanamke mmoja alisimama akasahau la kusema, akasema tu, "Huyo ni wangu." Mwalimu akaandika. Zikafika alama kumi na tisa.

"Mutiso Mutua," nikaita mbele.

Wamama wakatazamana. Mke wa Kioko akanong'ona kwa sauti ya kusikika, "Mama Mutiso ako Kitui. Dada yake aliaga Alhamisi. Simu haishiki."

"Endelea, Mama Wambui," mwalimu akasema bila kuinua kichwa. "Kwa utaratibu wako."

"Mutiso Mutua," nikaita katikati.

Kavata alikuwa amefumba macho. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Mimi sikutaka kuinua kidevu. Nilijua nikiinua nitaiona ile safu. Lakini jina huitwa mara tatu, na nikimwita mara mbili tu nitakuwa nimempokonya haki yake ya tatu. Nikainua.

"Mutiso Mutua."

Nikaanza kuhesabu moyoni. Moja. Mbili. Nilikuwa nimefika nne.

"Nipo."

Ilitoka nyuma kabisa. Sauti ya kijana wa kiume, ya wazi, wala haikuwa ya kutisha. Ingekuwa ya kutisha labda ningepiga kelele. Ilikuwa kama ya mtu aliyekuwa akingoja zamu yake akaogopa kupitwa. Wamama wote walitazama mbele. Hakuna hata mmoja aliyegeuza shingo, na mtu akijibu nyuma yako si unageuka?

"Amejibiwa?" mwalimu akauliza, kalamu iko juu ya daftari.

Hapo, vijana, nilikuwa peke yangu. Sharti lilisema aliyetoa asimame. Mimi nilikuwa natazama safu ya mwisho, na aliyesimama sikumwona. Niliona kiti kimoja kimekaa chini.

"Amejibiwa," nikasema.

Nikatia alama ya ishirini. Na kiti kikajiinua. Kap.

Mwalimu aliandika, akafunga daftari, akampa Kavata mkono. Wakati wa kushuka ngazi mke wa Kioko alinishika kiwiko. "Tulisikia," akaniambia. "Sisi tulikubaliana tangu asubuhi, chochote kitakachojibu, hatugeuki. Ungeuliza ni nani, mama, sijui tungefanya nini."

Mtataka kujua kama Kavata alishinda. Hakushinda hata kidogo. Watu walipiga kura wakachagua kichekesho cha mkwe aliyekwama kwenye dirisha la choo, na mimi nilicheka nacho mpaka nikalia. Lakini alishindwa kama mshindani, jina lake safi, na mchezo wake ukaendelea kuchezwa kumbi nyingi baadaye.

Kilichobaki ni alama yangu. Kila nikifagia niliiona. Kamati ilikuwa ikae wiki iliyofuata kuandika masharti mapya, na mimi nilikuwa nimeshajua nitawaambia nini. Kwamba fomu iwe na nafasi mbili, moja ya aliyetoa na moja ya aliyetolewa, ili mtu asilazimike kuchagua kati ya kusema ukweli na kumheshimu mtu wake. Kwamba jina likiitwa, aliyetoa asimame, aonekane na macho ya watu wawili wa kamati. Masharti hayo yalipita na ndiyo mnayo mpaka leo. Lakini ningeyasemaje hayo ya kuonekana na macho, na orodha yangu mwenyewe iko na alama moja ya mtu ambaye hakuna jicho lililomwona? Na nikiifuta, barua ya Kavata inaandikwa.

Jumatano asubuhi akaja mwanamke mwembamba amevaa leso nyeusi, na vumbi la safari. Akapanda ngazi akipumzika kila hatua ya tatu.

"Ni wewe Mama Wambui? Mimi ni Mama Mutiso. Naitwa Ngina. Nimekuja kuomba msamaha. Nilikuwa nazika dada yangu, sikuweza kufika Jumamosi. Huyo mtoto wa Nzioka, nimemharibia?"

"Hukumharibia. Aliingia."

"Lakini sikuwepo. Na nyumbani kwangu hakuna mtu mwingine. Tulikuwa mimi na yeye tu."

Nilimvutia kiti cha mbele. Nilitoa orodha, nikamwonyesha majina yote ishirini na alama zake zote. Akapitisha kidole mpaka chini, akakiweka hapo. Alikitazama kidole chake muda mrefu. Hakuniuliza ni nani aliyejibu.

"Pesa ilikuwa ya nani?" nikamwuliza.

"Yangu. Ya mboga."

"Basi nitaandika jina lako hapa kando. Wewe ndiye uliyetoa. Umefika, nimekuona kwa macho. Imechelewa lakini ni kweli."

"Lake usifute."

"Silifuti."

Nikaandika Ngina Mutua, kwa mwandiko wangu wa darasa la nne, akatia sahihi yake mwenyewe karibu na ile nyingine. Chini barabarani makanga walikuwa wakiita abiria. Kisha akavuta leso yake, akainama karibu nami kama mtu anayeuliza habari za mtoto kwa mwalimu wake.

"Alijibu kwa sauti?"

"Kwa sauti. Ukumbi mzima ulisikia."

Akaitikia kwa kichwa polepole, na kwa mara ya kwanza akatabasamu.

"Vizuri," akasema, akichukua mkoba wake. "Kwa sababu nyumbani nilikuwa nikimwita, anajibu kwa tumbo, sauti haitoki. Kila siku nilikuwa namgombeza."